Mkono Kifuani, Redio Hewani

Leo nimejivua nguo mbele ya jengo zima. (Si nguo halisi. Afadhali zingekuwa nguo!) Na bado nina hasira, kwa hivyo asiniambie mtu nitulie.

Mnajua mimi ni mlinzi pale West Bay, huku ughaibuni. Mnajua pia nafuata mawaidha ya mtawa mmoja wa Kibudha kwenye simu, na kitabu chake ameniazima Msri Lanka wa chumbani kwetu. (Mama, kanisani bado naenda.) Mtawa anafundisha hivi: hasira ikipanda, weka mkono kifuani, pumua, iambie, "Hasira, nakuona." Nimewahubiria walinzi wote kambini tunakolala. Hata Afande, msimamizi wetu Mganda, aliamini. Leo alikuwa apeleke jina langu kwa meneja niwe naibu wake, eti kwa utulivu wangu.

Basi mchana niko geti la nje. Jua linachoma mpaka buti. Kiprono, mlinzi mwenzangu, alipaswa kunipokea zamu nikale. Haji! Namwita kwenye redio, kimya. Njaa inauma, na najua huyo mtu yuko kwenye AC.

Nikakumbuka mafundisho. Nikaweka mkono kifuani, nikakandamiza, nikafumba macho.

"Hasira, nakuona." Nikavuta pumzi. "Namwona pia Kiprono, mlafi huyu, tumbo kama tangi la maji! Na Afande anamlea tu, kazi yake kulala ofisini mpaka miwani inaanguka!"

Nikashusha pumzi. Nilisikia amani kabisa.

Sasa, mlinzi hubandika redio wapi? Kifuani! Ukishikilia kitufe, kila ghorofa inakusikia, na hakuna anayeweza kukukatiza mpaka uachie. Mimi sikuachia.

Nikafungua macho. Afande huyu hapa, anahema. Nyuma yake Kiprono, amebeba biriani.

"Wewe! Toa mkono kwa redio!"

Nikatoa. Redio ikalipuka vicheko.

"Buda, nilikuwa kwa laini ya chakula nikikuchukulia lunch," Kiprono akasema. "Kwani mimi ndio tangi?"

Afande akavua miwani, akaipangusa taratibu, akaniita bwana kwa lugha ya kwao. "Jina lako nimeliondoa, ssebo. Naibu ni Kiprono."

Kwenye basi la kurudi kambini Al Rayyan wote walishika vifua: "Hasira, nakuona!" Hata dereva, na ni Mnepali, Kiswahili hajui!

Mtawa anaishi msituni, hana redio kifuani. Angekuwa nayo, angeniambia mapema.

Tafadhali msicheke. Kesho nampigia saluti tangi la maji.