Ombi la Kusamehewa Kiti cha Daktari wa Meno

Makao ya Watoto,
Njia ya Kapkatet.

Kwako Daktari Rodah,

Natumaini uko mzima, na vifaa vyako viko salama kabatini, vimefungiwa.

Mimi ni Mama Sagini, mlezi wa watoto hapa makaoni. Huenda hunikumbuki kwa sababu siku ulipokuja kuwapima watoto meno nilikuwa ndani ya stoo nikipanga kuni. Kazi hiyo iliisha tu gari lako lilipotoka langoni. Nina malalamiko, na nakuomba uyasome kwa upole.

1. Uliwafundisha watoto kupiga mswaki kabla ya kulala. Vizuri. Lakini sasa nikishamlaza Sagini wangu, nikiwa nimechoka hata jina langu silijui, nakuta kundi mlangoni na kikombe cha maji: "Mama Sagini, na wewe?" Juzi nilipiga mswaki macho yakiwa yamefumbwa, kumbe mswakini nimepaka ile dawa ya upele wa mtoto.

2. Uliwaambia sukari ni mbaya. Daktari, hapa ukifungua dirisha ni mashamba ya majani chai mpaka macho yakome, na mimi ninywe chai bila sukari? Nikigusa kijiko, meza nzima inaguna kama wazee wa kanisa. Siku hizi sukari nailamba nyuma ya jikoni.

3. Hili ndilo kubwa. Mongina, yule wa miaka saba, gego lake limeoza vile ulivyosema. Kwenye githeri anaacha mahindi, anachagua maharagwe peke yake. Usiku analia ndani ya blanketi ili asiamshe wenzake. Ijumaa unakuja kuling'oa, na ni lazima ling'olewe. Nikamwambia kung'olewa hakuumi. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikasema mimi ni mtu mzima. Akasema, "Fungua mdomo." Nami, mjinga, nikafungua.

"Kujeni muone! La Mama Sagini limeoza kuliko langu!"

Sasa wamekata shauri, wakubwa kwa wadogo: hakuna atakayekalia kiti chako kabla yangu. Nimebembeleza, nimefoka, nimetishia kuwanyima mandazi. Wakanikumbusha kwamba mandazi yana sukari.

4. Kwa hivyo naomba barua yenye muhuri inayosema kwamba ulishanipima nikiwa mbali, mdomo ukiwa umefungwa. Ikishindikana, wafundishe kwamba mtu mzima hana meno, yale wanayoyaona ni mapambo.

Usidhani naogopa. Sagini nilimzaa bila kupiga kelele, muulize mkunga. Lakini kule mwishoni unapewa mtoto. Wewe unampa mtu nini? Pamba.

Nisalimie wote wa kliniki, dereva wako, na hata yule dada wa sindano, ingawa yeye msalimie kwa mbali.

Ni mimi, mwenye mdomo uliofungwa,
Marcella Nyabate (Mama Sagini)

N.B. Daktari, barua hii usiifuate. Nilikuwa natoka kwenda kuituma nikamsikia Mongina nyuma ya choo akijigamba kwa wenzake: "Mama yangu ndiye ataingia kwanza. Yeye haogopi kitu." Watoto wote hapa huniita Mama Sagini. Hakuna aliyewahi kuniita "mama yangu". Basi Ijumaa niandike wa kwanza, na Mongina wa pili, amesema atanishika mkono. Wewe njoo na mtu wa kunishika miguu.