Maziwa ya Eilert Ndani ya Pakiti ya Dukani

Jumatatu, 3 Machi

Jantje amepiga chafya kabla hajavaa viatu. Akapiga nyingine akivaa. Binti yangu wa miaka mitano, pua bomba bovu! Jana shemeji Eilert alitucheka mbele ya ukoo mzima. Eti wanawe hawajui makamasi, wamekulia maziwa ya ng'ombe wake, si "maji meupe ya dukani". Wote wakacheka. Hata mama mkwe.

Nilimwambia Hilke tubadilishe, tunywe mabichi ya Eilert, yasiyochemshwa. Maziwa ya dukani yamepashwa moto kiwandani, mafuta yake yamepondwapondwa yasielee juu, yamekufa kabisa. Hilke akashika tumbo lake la miezi saba, akaniambia taratibu. Mke wangu akiongea taratibu, jihadhari. "Tammo, mkunga kasema mabichi yana vijidudu vya kumuua mtoto tumboni. Siku utakayoyaingiza humu ndani, utahamia zizini kwa kaka yangu."

Nikakubali. Nikaahidi. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango ni huu. Mashine ya maziwa ya Eilert iko kibandani kando ya barabara; unatumbukiza sarafu, unakinga chupa. Nilikwenda wakati anakamua, asinione. Juu ya mashine kuna kibandiko chekundu: CHEMSHA KABLA YA KUNYWA. Hicho ni cha kuwaridhisha watu wa afya tu.

Nyumbani nikamwaga maziwa ya dukani kwenye sinki, nikajaza ya Eilert katika pakiti ileile ya bluu. Nikairudisha kwenye friji, nikaenda kuoga kama mtu asiye na habari. Hilke hagusi maziwa tangu mimba iingie, yanamtia kichefuchefu. Kwa hiyo hatari hakuna. Hakuna!

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi Jantje kanywa kikombe kizima. Mashavu tayari yana rangi! Nikajisikia baba kwelikweli.

Alasiri, balaa. Nilisahau chai! Mimi, mzaliwa wa Friesland Mashariki, pembe ya Ujerumani ambako chai ya alasiri ni ibada, nilisahau chai! Mama mkwe, Mama Tomma, alishuka kutoka ghorofani kama kila siku. Krimu imekwisha. Akachukua pakiti. Nikaganda. Akamimina chai, sukari ya mawe ikapasuka kikombeni, akatia maziwa kwa kijiko, pembeni pembeni, bila kukoroga, kama watu waliolelewa vyema wanavyofanya. Maziwa ya dukani huchafua chai tu. Haya yalizama, yakaibuka, yakachanua. Wingu! Wingu jeupe lenye mafuta! Na pakiti sikuwa nimeitikisa, mafuta yote yalikuwa yameelea juu.

Mama Tomma akalitazama wingu. Akanitazama mimi. Nikasema kiwanda siku hizi kimejirekebisha. Akasema, "Alaa." Akanywa vikombe vinne. "Alaa" hiyo ilininyima raha mpaka nikalala.

Alhamisi, 6 Machi

Hilke kauliza mbona mama yake anasifu maziwa ya pakiti. Kichefuchefu kimepungua, naye ataonja. Akajimiminia glasi! Ikafika mdomoni! Nikapiga kelele kwamba kuna nyigu, nikaipiga glasi kwa kiwiko. Maziwa sakafuni, vioo kila mahali.

"Nyigu, Tammo? Mwezi wa tatu?"

Nikasema amewahi. Hilke akanitazama huku napiga deki. Jantje akapiga chafya. Bila shaka ni vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nimeamua kuyamwaga yote. Kweli. Kisha Eilert akapita, akaegemea uzio wetu, akaniuliza kama "maji meupe" bado matamu. Alikuwa na tabasamu nisilolipenda. Nimwache huyu ashinde? Nikaenda kibandani kwake, nikajaza pakiti mpya, nikaiacha kwenye friji.

Niliporudi kutoka kazini nikakuta glasi tupu kwenye sinki, ina alama nyeupe. Nikamuuliza Hilke. Kanywa. Mbili! Eti mtoto kayapenda, anacheza. Nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukafunguka, nikasikia nasifu chakula. Tulikuwa hatujala.

Jumamosi, 8 Machi

Hilke ana homa. Kichwa kinamuuma. Kasema mtoto hajacheza tangu aamke, akageukia ukutani. Sijawahi kuogopa hivi maishani.

Nikaenda jikoni, nikamkuta Mama Tomma, nikayatapika yote: mashine, pakiti, nyigu. Nikalia waziwazi. Nikasema nimemuua mwanangu. Kumbe Hilke alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa hauna damu. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Ulijua nimekunywa?"

Mama Tomma akavuta kiti, akamkalisha binti yake. "Tulia, mwanangu. Yamechemshwa." Eilert alimpigia simu Jumanne ileile: mkweo anakinga maziwa huku amejibanza nyuma ya mapipa, bila shaka anayaleta huko kwa siri. Tangu hapo, kila nilipoleta, yeye alishuka, akayachemsha, akayapoza, akayarudisha kwenye pakiti. Tena wajukuu wake wa kwa Eilert hawajawahi kuonja mabichi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwachemshia. Kisha akanigeukia: "Na wewe, baba Jantje, nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Vikombe vinne nimekunywa nikikungoja! Tumbo karibu linipasuke."

Mkunga akaja, akaweka chombo chake tumboni. Halafu tukausikia moyo ukidunda mbiombio. Mtoto mzima. Homa ni mafua tu, kaambukizwa na Jantje. Hilke aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma, kisha akauachia.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala kwenye kochi. Hilke kaamka hana homa. Akaniita, akakiweka kiganja changu juu ya tumbo, akanitaka niape mbele ya mtoto: maziwa mabichi hayataingia tena nyumba hii. Nikaapa. Machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli. Mtoto akanipiga teke, papo hapo kiganjani. Hilke akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Mchana nimefikiri kwa utulivu. Wiki nzima Jantje alikunywa yaliyochemshwa, na wiki nzima alipiga chafya. Sasa huo si ushahidi? Mabichi yenyewe hayajajaribiwa hata kidogo! Kiapo nimeapa na nitakiheshimu, mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Lakini niliapa kuhusu maziwa. Jibini halikutajwa na mtu. Eilert hutengeneza la maziwa mabichi, na ukilikwangua juu ya viazi moto halionekani kabisa.