Taji Chini ya Gudulia

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema. Mama Duka, mwenye duka la kona lisilouza kitu cha kiwandani, ana nafasi moja kwenye rafu ya dirishani kwa mfinyanzi chipukizi. Nimestaafu, ni kweli, lakini ufinyanzi niliuanza mwaka jana. Basi mimi ni chipukizi. Mke wangu alicheka hadi akaweka kikombe chini. (Si changu. Vyangu huvuja.) Mpinzani ni mmoja: mpwa wangu, binti wa dada yangu, tunayeshirikiana naye karakana na tanuri. Mama Duka atachagua Ijumaa. Nafasi hii sharti niipate. Wazee wenzangu nimeshawaambia kuwa nimeipata.

Jumanne, 4 Machi
Bakuli langu limekauka. Limeinamia upande mmoja, kama mtu anayesikiliza siri ukutani. Mpwa amefinyanga gudulia: shingo nyembamba, tumbo limetulia. Nikamwambia si baya kwa anayejifunza. Akashukuru, akauliza kama bakuli langu lilianguka. Nikamjibu kuwa huo ni mtindo.

Jumatano, 5 Machi
Njama! Kila mfinyanzi hukwaruza alama yake chini ya chombo kabla ya kukichoma. Yake ni samaki, yangu ni taji. Mpwa alipokwenda kula, nikafunga mlango. Gudulia lilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, mgongo ukagoma kurudi. Kwa magoti, basi. Nikamfuta samaki kwa sifongo lililoloa maji, nikaziba kwa udongo mbichi, nikachora taji. Bakuli langu lilikuwa bado halina alama; nikalitia samaki, ili naye asikose chombo. Mimi si mtu mbaya. Akibisha, nitamwambia aligeuze gudulia. Alama haina undugu.

Alhamisi, 6 Machi
Kuchoma. Mpwa aliuliza kama vyombo vyote vimekauka. Nikasema ni vikavu kama koo langu. Akawasha tanuri. Haukupita muda, mshindo ndani. Mpwa akasema kuna chombo kilichoingia na maji, na mvuke hauna subira. Nikalaumu kuni.

Ijumaa, 7 Machi
Tanuri limefunguliwa mbele ya Mama Duka. Gudulia ni vigae vitupu. Kigae kikubwa kuliko vyote ndicho chenye taji! Mama Duka akanipa pole, akasema ndivyo wanavyoanza wote. Mpwa alikitazama kigae, akanitazama mimi, akakiokota.

Katikati ya vigae, bakuli langu. Zima. Mama Duka akalishika kwa mikono miwili. Akasema amechoshwa na vitu vilivyonyooka. Hili lina mkono wa mtu. Akaligeuza. Samaki. Akampa mpwa nafasi, akaagiza mengine kama hilo.

Ningelidai bakuli langu, ningemweleza nini kuhusu samaki?

Nyumbani nilimsimulia mke wangu nusu ya mambo. Akasema, mchimba kisima. Hakumalizia.

Jumamosi, 8 Machi
Mpwa alikuja asubuhi na kifurushi cha gazeti. Akaniamkia kwa adabu zote. Ndani ya gazeti, kigae chenye taji.

“Mjomba,” akasema, “shingo ya gudulia langu naijua hata ikiwa vipande kumi. Na kupinda kama lile bakuli mimi siwezi. Utafinyanga wewe, nitachora samaki mimi. Siku utakayokwenda mwenyewe kumweleza Mama Duka ukweli, rafu ni yako.”

Mke wangu akamkaribisha chai. Akamtilia sukari nyingi kuliko anavyonitilia mimi.

Jumapili, 16 Machi
Wiki nzima nimefinyanga. Mabakuli yote yamepinda bila kujitahidi. Yanakauka rafuni, samaki chini ya kila moja. Mzee mwenzangu alipita dukani, akaniuliza kazi yangu iko wapi. Nikamjibu kuwa iko njiani.

Mke wangu anasema niende nikaseme kweli, ni mwendo mfupi tu. Hajui mambo ya ufinyanzi. Nimelitafakari kosa langu kwa kina, nami nimeligundua: ni maji ya sifongo.

Mpwa amekwenda kula. Nimenunua msasa.