Ndevu za Bi Asha

Jamani, leo nimejifedhehesha kanisani, mchana kweupe, nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani kwetu Kikwajuni, maana wao wataongeza chumvi.

Mnajua mimi nachora. Miezi mitatu sasa niko kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa letu, hapa Mji Mkongwe. Padri aliniambia, "Tuchoree Karamu ya Bwana, lakini watu wawe wa hapahapa." Basi nikamchora Yesu kakaa mkekani, anamega mkate wa boflo, na watu wamezunguka sinia moja: mkulima wa Makunduchi, Muhindi mwenye duka, Mmasai muuza shanga, mama zetu waliotoka bara. Nilitaka mtu akiingia tu aone kwamba mbele ya Mungu sinia ni moja. Wote niliwaomba ruhusa, wakakubali.

Wote, isipokuwa mmoja.

Bi Asha, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Muislamu wa swala tano. Marehemu mama alipolala kitandani wiki sita, Bi Asha ndiye aliyemletea uji kila asubuhi, akamnywesha mwenyewe kwa kijiko. Kwa hiyo nilimweka upande wa kulia wa Yesu, anamnywesha mama yangu uji. Uso wake kabisa, mpaka kidoti cha shavuni. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikafika, nikaogopa. (Kuogopa nna kipaji nacho kuliko kuchora.)

Leo saa nne asubuhi nnakunywa chai, simu ya Padri ikalia.

"Simoni, njoo. Bi Asha kasikia yumo kwenye picha. Yuko hapa getini na kaka zake wawili. Wanamtaka mchoraji."

Chai ikanipalia. Hao kaka zake, Haji na Makame, ni wachukuzi bandarini. Haji nimemwona kwa macho yangu akibeba friji peke yake, huku anapiga mluzi!

Nimemtia mama wa watu kanisani bila idhini yake. Mtaa utasema nini? Maisha yangu yote tumeishi tukipelekeana futari na maandazi ya Krismasi, leo mimi na brashi yangu nimeharibu. Akili ya kwanza ikaniambia nikimbilie Fumba kwa shangazi. Akili ya pili (na ndiyo iliyoniponza) ikaniambia: ubadilishe ule uso kabla hawajauona.

Nikapita uchochoroni, nikaingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Nnawasikia nje, Padri anawakaribisha maji. Nikapanda ngazi. Ngazi inatikisika, na mimi nnasali kwa sauti: "Bwana nisamehe, Bwana niokoe, Bwana mzuie Haji." Wakati wa kuchora uso mwingine haupo. Kopo lililokuwa wazi ni moja tu, la rangi nyeusi. Nikafanya lililonijia.

Nikamtia ndevu.

Si ndevu za adabu. Ndevu mpaka kifuani! Na sharubu juu yake. Nilikuwa nnamalizia sharubu ya kushoto mlango mkubwa ulipofunguka.

"Shikamoo, Bi Asha," nikasema kutoka juu. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Kavaa baibui jipya, kajifukiza udi mpaka mimi huku juu nnausikia. Akautazama ukuta. Kaka zake wakautazama.

"Simoni."

"Naam, Bi Asha."

"Mimi niko wapi?"

Nikamwonesha kwa brashi. Brashi ikadondosha tone jeusi, likatua katikati ya kofia nyeupe ya Haji. (Hapo nikaaga dunia.)

"Yule mwenye ndevu?" Makame akauliza.

Bi Asha akashika kifua. "Nimewatoa hawa kazini! Nimewaambia twendeni mkanione, Simoni kanichora nnamnywesha uji marehemu mama yake. Nimevaa, nimejifukiza. Nafika, umenitia ndevu?"

Nikashuka. Vidato viwili vya mwisho nilivishuka kwa makalio, nikaishia juu ya kopo.

"Nilidhani umekasirika," nikasema, nimekaa palepale kwenye rangi.

"Nimekasirika! Kwa nini hukunambia? Mimi Muislamu na n'takufa Muislamu, wewe unajua na Padri anajua. Lakini uji ule niliupika mimi, hakuupika huyo mzee wa ndevu. Zitoe!"

Nikapanda tena na kitambaa na tapentaini, suruali inadondosha. Ndevu zikatoka. Sharubu zikagoma, zikaacha kivuli. Nikageuka nimtazame Haji, nipokee hukumu yangu. Haji kakaa kwenye benchi, kofia kaivua, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Muache, dada," akasema. "Mbona kakutoa vilevile, hasa hizo sharubu!"

Bi Asha alikuwa anamtazama yule mgonjwa ukutani.

"Mama yako umempata, Simoni," akasema taratibu. "Macho yake ndiyo haya. Alikuwa akinitazama hivihivi."

Padri alijibu kwa niaba yangu, kwa kupenga kamasi.

Basi nimerudi nyumbani kwa miguu, suruali nyeusi nyuma, Mji Mkongwe wote unanitazama. Kesho nnakwenda kuutengeneza ule mdomo wenye kivuli cha sharubu, na Bi Asha kasema atasimama chini ya ngazi mwenyewe.

Funzo: hata ukimpelekea mtu mapenzi, piga hodi kwanza. Na tafadhali, asicheke mtu. Ukuta bado una nafasi ya mtu mwenye ndevu.