Kahiga Aigawia Familia Magonjwa ya Mwaka

Wako watu wa kubashiri mvua, na wako wa kubashiri mpira. Kahiga wa kijiji cha Gakindu alibashiri magonjwa, tena ya mwaka mzima, na akayaandika kwa kalamu nyekundu!

Kahiga aliuza mbolea na dawa za mifugo. Kwa kuwa aliweza kukuambia ng'ombe wako atakula magunia mangapi kufikia Disemba, hakuona binadamu atamshinda kwa nini. Kwa hiyo Benter, ajenti wa bima kutoka Nyeri mjini, alipoingia dukani na mipango miwili ya afya ya familia, Kahiga alimpa kiti na kumwomba asijisumbue kueleza sana.

Mpango wa kwanza ulikuwa shilingi elfu sabini na mbili kwa mwaka, na ulilipia kila kitu, hata kikohozi cha kliniki. Wa pili ulikuwa elfu arobaini, lakini ulilipia ukilazwa tu. Kliniki ni mfuko wako. Benter alimshauri atafute risiti za mwaka jana, aone familia yake hutumia ngapi. Kahiga akacheka. Mwaka jana ulishaenda, alisema; yeye anapanga huu unaokuja.

Jioni akawaita wote mezani, akagawa magonjwa kama mtu anayegawa nyama ya Krismasi. Mkewe Nduta alipata mafua mawili. Njoki, kifungua mimba, homa moja. Muchiri, ambaye hakuna mti asioupanda, alitengewa kifundo kimoja cha kuteguka. Wamucii mdogo akapewa tumbo mara mbili, kwa sababu ya plamu mbichi. Safari sita za kliniki, kila moja elfu mbili. Ukijumlisha na bima, elfu hamsini na mbili. Nani basi alipe sabini na mbili?

"Na wewe, Baba Njoki, umejiandikia ngapi?" Nduta akauliza.

"Mimi niko na sufuri. Mara ya mwisho kuingia hospitali nilikuwa nazaliwa."

Hapo akapata wazo kubwa zaidi. Akijitoa kwenye bima kabisa, elfu tisa zinapungua. Akajitoa. Benter alimuuliza mara tatu kama ana hakika, kisha akamfanya asaini mara mbili.

Wamucii alipokohoa mwezi wa tatu, babake alimkumbusha kwamba yeye alipewa tumbo; kifua si chake. Nduta alimbeba mtoto hadi kliniki, akarudi na risiti, akaidunga kwenye msumari wa jikoni. Kufika Juni msumari ulikuwa na risiti kumi na nne. Kahiga alipiga hesabu tena na kutangaza kwamba bado yuko mbele ya ule mpango wa elfu sabini na mbili.

Julai, Mwalimu Musembi alikuja na pikapu kununua mbolea, akasema kwa upole kwamba atatafuta mtu wa kumsaidia mzee kubeba gunia. Mzee! Kahiga alilikumbatia lile gunia la kilo hamsini, akaliinua hadi kifuani, na mgongo ukasema ka! Gunia lilishuka. Kahiga hakupanda. Alibaki amepinda pale, kama mtu aliyeangusha sarafu na bado anaitafuta.

Majirani walimlaza nyuma ya pikapu, naye Musembi akampeleka hospitali moja huko Nyeri. Kila shimo la barabara Kahiga alimwita mamake, na mashimo yalikuwa mengi.

Karani wa mapokezi alitafuta bima ya familia hiyo kwenye kompyuta.

"Naona Nduta, naona watoto watatu. Mzee, wewe hauko."

"Siko namna gani na mimi ndiye ninalipa?"

"Basi utalipa tena," akasema karani, na hakuwa anafanya mzaha.

Picha za mgongo, siku sita kitandani, mtu wa kumkanda asubuhi na jioni: elfu tisini na nne. Ili kulipa, ng'ombe wake mzuri, mtamba, aliuzwa kwa jirani Kahiga akiwa bado wodini, naye hakupata hata nafasi ya kumuaga.

Wiki mbili baadaye Benter alikuja nyumbani na fomu ya kumrudisha Kahiga kwenye bima. Safari hii kalamu aliishika Nduta, na risiti zote zilikuwa mapajani mwake. Kahiga alikuwa amelala chali kwenye godoro sakafuni, akitazama dari. Nduta alijaza jina la mumewe, akajaza umri, akafika penye swali linalouliza kama mwombaji ana tatizo lolote la afya la muda mrefu.

Akaandika kwa herufi kubwa: ANAJUA KILA KITU.

Kahiga alitia sahihi bila kusoma. Shingo haikuweza kugeuka.