Amina Iliyochelewa

Kesho yake baada ya Krismasi, wakati watu wengine bado wanachokoa meno kutafuta kipande cha ingokho, kuku wa sikukuu, kilichojificha, sisi tulikuwa tumeshafika kijiweni. Kijiwe chetu ni benchi mbili kwa kibanda cha chai cha Hasina, pembeni kabisa mwa uwanja wa kupiganisha mafahali. Hapo huhitaji kusimama ili uone pigano. Hata vumbi linakuja lenyewe mpaka kwa kikombe.

Tulikuwa watatu. Mimi wananiita Bibisii kwa sababu nasikianga habari kabla hazijatokea. Sajini ni mzee ambaye hajawahi kuvaa gwanda la jeshi. Alilinda geti la duka la mbolea mpaka akastaafu na cheo alichojipa mwenyewe. Wa tatu ni Hasina mwenye kibanda, Mwislamu wa Mumias, ambaye chai yake ya tangawizi ikikupita kooni lazima uungame kitu.

Mara pikipiki ikakata kona. Alikuwa Simiyu wa bodaboda. Tunamwita Spika, kwa vile yeye hujipa mwenyewe nafasi ya kusema.

"Wazee, mmesikia? Makhanu ameamua! Sydney lazima amwekee fahali mikono!"

"Amwekee nini?" Sajini akauliza.

"Mikono! Amwombee! Leo, hapa uwanjani, kabla ya pigano!"

Sydney ni kijana wa Makhanu. Anasoma chuo cha Kikristo upande wa Eldoret na alikuwa nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Fahali wa babake anaitwa Kiboko Yao, lakini jina hilo amelibeba bure, maana ameshachapwa mara mbili na fahali wa Osiako. Huyo wa Osiako anaitwa Matanga. Ukiona pembe zake hutauliza kwa nini.

"Makhanu ana haki," Sajini akasema. "Ameuza miwa kusomesha huyo kijana maombi. Ukisomesha mtu useremala, mlango wako ukivunjika utamwita nani?"

"Fahali si mlango, Sajini," Hasina akasema akikoroga maziwa.

"Karo ni karo!"

"Ngojeni sijamaliza," Spika akasema. "Mzee ameapa. Kiboko Yao akilambishwa mchanga tena, Sydney harudi chuo Januari. Anapewa panga aende kukata miwa!"

"Wueh! Amesema hivyo?"

"Jana, mbele ya mama yake Sydney, na paja la kuku bado mdomoni! Ati kama maombi hayawezi kusukuma ng'ombe mmoja, yatasukuma nini?"

"Na Osiako amesema nini?" nikauliza.

"Osiako anacheka tu. Anasema hata Matanga amebatizwa. Alinyeshewa juzi mwili mzima."

Tulikuwa bado tunacheka, Sydney mwenyewe akatokea nyuma ya kibanda. Shati jeupe, tai ya chuo, Biblia ameikumbatia kama mtoto wa watu. Macho mekundu.

"Mulembe, Kukhu," akanisalimu, akiniita bibi kwa Kiluhya.

"Mulembe, mjukuu," nikajibu. "Keti. Hasina, mpe chai huyu, nitalipia nikikumbuka."

"Wewe hukumbukanga," Hasina akasema, lakini akamimina.

Sydney akashika kikombe bila kunywa. "Kukhu, nitamwambia Mungu nini? Nimwambie mnyama mmoja amtoboe mwenzake tumbo wakati wa sikukuu ya mtoto Yesu?"

"Daudi alimpiga Goliathi!" Sajini akadakia.

"Goliathi hakuwa na pembe," Spika akasema.

"Ndiyo maana alipigwa!"

"Nikikataa," Sydney akaendelea, "baba ataona nimeenda kusomea dharau. Nikiomba na tushindwe, ni panga. Na nimebakisha mwaka mmoja tu, Kukhu. Mmoja!"

Nikamwonea huruma. Halafu huruma ikaisha, nikaona mchezo. Nikamvuta sikio karibu na mdomo wangu.

"Mama yako aliniambia jana uliombea kuku mpaka mchuzi ukaganda. Ni kweli?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nashukuru tu, Kukhu."

"Hakuna aliyekushtaki. Kuna mtu alichovya tonge la obusuma kabla hujamaliza?"

"Hakuna."

"Hata babako?"

"Alimeza mate tu."

"Umewahi kuona Mluhya akifungua macho kabla ya amina?"

"Sijaona."

"Umewahi kusikia ngoma ya isukuti ikipigwa mtu akiwa anaomba?"

"Hapana."

"Basi hilo pigano litaanza wakati gani?"

"Nikisema amina."

"Na hiyo amina iko kwa mfuko wa nani?"

Alinitazama. Akatazama uwanja. Akanywa chai yote mara moja, akaungua ulimi, akaondoka akitembea kama mtu aliyeahidiwa mandazi.

"Umemwambia nini huyo?" Sajini akauliza.

"Nimemwambia aheshimu wazazi."

Basi ngoma zikaja. Isukuti upande huu kwa Makhanu, isukuti upande ule kwa Osiako, firimbi, matawi, vijana wamejipaka udongo, na katikati mafahali wawili walioshibishwa machicha ya pombe ya busaa mpaka macho yamebadilika. Matanga alikuwa anachimba ardhi kama anatafuta maji. Mzee Patroba, mwamuzi wa uwanja, akapuliza kipenga watu wapanuke.

Makhanu akainua fimbo. "Kabla ya yote, kijana wangu ataomba! Vueni kofia!"

Ngoma zikakatika kwa mara moja. Watu wote wakainama. Hata wale walevi waliolala kando ya mtaro waliinama kidogo zaidi. Sydney akaweka mkono juu ya nundu ya Kiboko Yao, akaanza.

"Ee Bwana, muumba wa mbingu na nchi..."

Mwanzo ulikuwa mzuri. Akamshukuru Mungu kwa uhai, kwa mvua, kwa miwa. Akashukuru kwa walimu wa chuo, mmoja mmoja, kwa majina yao yote. Akashukuru kwa mpishi wa chuo, akaombea na goti lake la kushoto. Akaombea wajane. Akaombea wagane. Akaombea wale ambao bado hawajaolewa lakini wanatia bidii. Akaombea barabara ya kwenda Khwisero, iwekwe lami.

"Amina!" Spika akapaza sauti kwa matumaini.

"...na tena, Bwana," Sydney akaendelea.

Akaingia kitabu cha Mwanzo, akatembea na Nuhu ndani ya safina akiwataja wanyama wawili wawili. Jua likapanda. Nikasikia tumbo la Sajini likinguruma. Nikasikia mtu mahali fulani akikoroma, kwa heshima lakini. Alipofika kwa Nabii Isaya na simba anayekula majani kama ng'ombe, sauti ya Sydney ilikuwa imekauka kabisa. Akakohoa, akatafuta mate, akakosa.

"...Amina."

"AMINA!" uwanja mzima ukajibu kama watu waliotolewa jela.

Tukafungua macho. Kiboko Yao alikuwa amelala chini, anacheua, amefumba macho nusu kama shemeji aliyeshiba. Na mbele yake, mahali palipokuwa na Matanga, palikuwa na samadi tu.

"Fahali wangu!" Osiako akapiga kelele. "Wameiba fahali wangu kwa maombi!"

"Chunga mdomo!" Makhanu akaruka. "Ametoroka! Ameona nguvu za Mungu ametoroka! Patroba, sheria inasema nini?"

Sajini akasimama juu ya benchi bila kuulizwa. "Sheria iko wazi! Fahali akitoka uwanjani ameshindwa! Haijalishi ametoka namna gani! Sheria ni msumeno!"

"Matanga hajawahi kukimbia!" Osiako akalia. "Hakukimbia! Alitembea!"

"Ulimwona?" Patroba akauliza.

"Nitamwona aje na nilikuwa nimefunga macho?"

"Basi umejuaje alitembea?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya sufuria.

"Ni kweli. Alitembea."

Watu wote wakamgeukia Hasina.

"Ulimwona wewe?" Patroba akauliza.

"Kwani mimi nilifunga macho? Nilinyamaza kwa heshima, lakini macho yangu yalikuwa kwa maziwa yasifurike. Mzee Osiako alishika kamba na mkono wa kulia. Mkapigiwa kelele mvue kofia. Akavua kofia na mkono huo huo. Matanga akamwangalia, akaangalia kamba, akaenda zake. Pole pole. Hata alinipita hapa karibu."

"Na hukusema kitu!" Osiako akashika kichwa.

"Astaghfirullah! Nikatize maombi ya watu? Wakati wa sikukuu yao? Si mngesema Hasina hana adabu na dini ya wenzake? Nilingoja amina, mzee wangu. Haikuja." Akapangusa mwiko. "Na si mimi pekee. Bibisii pia alimwona. Jicho lake moja lilikuwa wazi kama dirisha la jikoni."

"Mimi?" nikasema. "Hilo jicho halifunganga vizuri. Muulize daktari."

"Daktari gani?"

"Alishakufa."

Patroba akaondoa kofia, akajikuna, akairudisha. "Kukimbia ni kutoka, na kutembea ni kutoka. Fahali wa Makhanu amebaki uwanjani. Amelala, lakini amebaki. Ameshinda!"

Isukuti zikalipuka. Sajini akacheza juu ya benchi. "Nilisema! Sheria haina huruma!"

"Lakini Hasina," Spika akauliza, "Matanga alielekea wapi?"

"Aliingia kwa ile sukumawiki ya Sajini."

Sajini alishuka kutoka kwa benchi bila kutumia miguu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anapita kona akibeba kiatu kimoja mkononi, Spika nyuma yake na pikipiki akimwambia, "Panda, Sajini, panda!" naye akijibu, "Hakuna wakati!"

Makhanu akamnyanyua kijana wake juu ya mabega, tai imerukia mgongoni. "Januari anarudi chuo! Asome mpaka waseme basi!" Mama yake Sydney akapiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka.

Walipopita mbele ya kibanda, Sydney akainama kutoka huko juu, uso umejaa aibu. "Kukhu, lakini mimi sikuomba ushindi."

"Najua. Nyamaza ubebwe."

Tukabaki na Osiako. Akaketi kwenye benchi, kamba tupu mapajani, akaomba chai. Akainywa pole pole akifikiri, akiangalia vumbi la washindi. Kisha akasimama ghafla, akapaza sauti.

"Sydney! Ebu ngoja!"

Ngoma zikapungua. Makhanu akageuka, kijana bado mabegani.

"Hicho chuo chenu," Osiako akasema, "kinachukua watu Januari?"

"Ndiyo, mzee," Sydney akajibu.

"Kijana wangu hakupita sana mtihani. Lakini anapulizanga tarumbeta kanisani. Ana pumzi, huyo mtoto! Ana pumzi!"

Makhanu akamshusha Sydney chini taratibu. Kicheko kikamfutika usoni.

Mimi nikamwambia Hasina aanze mapema kutafuta benchi zingine. Krismasi ijayo hao vijana wawili watasimama hapo, kila mmoja na mkono juu ya fahali wa babake, na hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza kusema amina. Mafahali wenyewe watakufa na uzee.