Uso wa Mkurugenzi Kwenye Kila Mraba

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye hakufika, wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu, wasaidizi wa wasaidizi, mke wangu mpenzi, na nyinyi mafundi wa kupiga chapa vitambaa mliosimama juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa! (Makofi, hasa ya mke.)

Ndugu zangu, miaka nenda miaka rudi mmechovya vibao vya mbao kwenye rangi na kugonga vitambaa, chovya, gonga, chovya, gonga, mpaka ofisi yangu, kwa kushirikiana na ofisi yangu, ikaona haya. Ndipo tukavikusanya vibao vyenu vyote kupisha mchakato shirikishi wa nakshi za kidijitali kwa mfumo wa vekta, yaani mchoro unaokuzwa ukawa mkubwa kama uwanja huu bila kuvurugika, tofauti na baadhi ya wafanyakazi wangu. (Wafanyakazi wanacheka kwa woga.)

Tazameni bango! Unachora ua moja ndani ya mraba, kompyuta inalirudia kulia, kushoto, juu, chini, mpaka kitambaa kiishe. Badala ya ua nimekubali, baada ya kujibembeleza sana, utumike uso wangu. (Miguno.) Na kwa kuwa kinachokatwa ukingo wa kulia sharti kiendelee ukingo wa kushoto, kila uso sasa una sikio la jirani yake. Huo ndio umoja!

(Mama mchapaji: "Baba, vibao vyetu tunarudishiwa lini? Watoto hawali hotuba!" Vigelegele.)

Mama, mstahimilivu hula mbivu. Mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nane, kilichobaki ni vijambo vidogo vya utekelezaji. Nikisema "Nakshi", semeni "Ijirudie"! Nakshi! (Mke, peke yake: "Ijirudie!")

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi aliyepanda ngazi akachora bango hili kwa brashi, uso baada ya uso, kwa kuwa suala la kompyuta bado linajadiliwa na kamati, na kamati nayo bado inajadili kama ipo. Zaidi ya yote nawashukuru nyinyi mafundi kwa moyo wa kujitolea: bila vibao vikavu kama vile vyenu, chai ya vikao vyetu isingechemka kamwe. Asanteni sana!

(Hakuna makofi. Mama mchapaji anavua ndara.)